Mteja kahamia ndani, salio hataki kulipa: fundi afanye nini?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi, nina timu yangu ndogo ya ukarabati wa nyumba. Nilichukua kazi kwa mama mmoja: kubomoa bafu na kulijenga upya, makabati mapya ya jikoni, lipu na rangi sebuleni. Tuliandikiana makadirio ya ukurasa mmoja, tukasaini wote wawili. Alilipa kwa awamu mpaka tukafika asilimia 65, halafu akasema nimalizie tu, salio atanipa nikikabidhi. Katikati ya kazi tulikuta mabomba ya bafuni yameliwa na kutu. Nikamwambia, akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Endelea tu fundi, tutaelewana." Baadaye akataka sinki la jikoni lihamishwe. Nimemaliza, kahamia, anaishi humo. Nilipodai, kwanza alisema nisubiri mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, yakaanza mengine: vigae vinalia tupu, rangi imebabuka, mlango wa kabati haufungi, na hizo kazi za ziada yeye hazitambui. Mara ya mwisho kaniambia halipi hata senti na ataleta fundi mwingine. Sasa simu hapokei. Vibarua wananidai, duka la vifaa linanidai. Vijana wangu wanasema twende tukang'oe makabati na sinki, na tumweke mtandaoni watu wamjue. Nina haki hiyo? Na kama sina, nifanyeje?

JIBU: Fundi, pole. Nianze na vijana wako, maana hao ndio wanaoweza kuharibu mambo leo hii. Msiende kung'oa kitu.

Kabati likishafungwa ukutani, sinki likishaunganishwa na bomba, sheria za nchi nyingi huvihesabu kuwa sehemu ya nyumba hata kama aliyevifunga hajalipwa. Ulichobaki nacho wewe ni haki ya kudai pesa. Kuingia kwa mtu bila ridhaa yake na kubomoa ni kosa la jinai karibu popote, na kuanzia hapo wewe mdai unageuka mtuhumiwa. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na migogoro ya namna hii huletwa kwangu mara kwa mara. Iliyo migumu kuliko yote ni ile ambayo fundi aliyekuwa na haki alitangulia na nyundo. Baada ya hapo hakuna tena anayeuliza habari za salio. Wote wanauliza habari za mlango uliovunjwa.

Vitu vyako ambavyo havijafungwa popote, yaani mashine ya kukatia vigae, ngazi, ndoo, vifaa vilivyobaki ambavyo hakuvilipia yeye, hivyo ni vyako. Omba kwa maandishi siku ya kuvifuata. Na kama bado una ufunguo wa nyumba yake, urudishe na usainiwe kwamba umepokelewa. Mafundi wengi huushikilia ufunguo wakidhani ni dhamana. Siyo dhamana, ni ushahidi dhidi yako siku kitu kikipotea mle ndani.

La mtandaoni nalo liacheni. Hata kama kila neno litakuwa la kweli, picha za ndani ya nyumba yake na jina lake zinaweza kumpa yeye kesi ya kukushtaki, na tayari alikuwa anatafuta sababu. Isitoshe, wateja wako wa kesho watasoma pia, nao hawatajiuliza nani alikuwa na haki. Watajiuliza kama siku moja na wao wataanikwa.

Sasa tuje kwenye deni lenyewe. Wewe unaliona kama donge moja, na yeye vivyo hivyo: wewe unadai asilimia 35 pamoja na ziada zote, yeye anasema sifuri. Mkibaki hapo hamtakutana. Kazi yako ya kwanza, kabla ya wakili na kabla ya mahakama, ni kuligawa mafungu matatu: fungu asilolibishia, fungu la kasoro, na fungu la kazi za ziada. Kila fungu lina ushahidi wake na njia yake ya kumalizika. Ukiyachanganya, ubishi wa kigae kimoja unazuia malipo ya lipu ambayo hakuna aliyeilalamikia.

Hebu tuone kwa mfano wa hesabu. Chukua bei ya mkataba kuwa 100. Kalipa 65, imebaki 35. Tuseme ukikagua unakuta vigae vinane vya kubandua na kubandika upya, kipande cha ukuta cha kupaka rangi tena, na mlango mmoja wa kurekebisha bawaba. Gharama ya yote hayo, ukijumlisha na siku za mtu, labda inafika 3. Maana yake mama huyu anashikilia 35 kwa sababu ya 3, na 32 haina mgogoro wowote. Mkiongea kwa hesabu ya 32 na 3, hata ndugu yake atakayeitwa kusuluhisha ataona mara moja mambo yalivyo. Mkiongea kwa hesabu ya "hajanilipa" na "kazi mbovu", atashika upande wa ndugu yake.

Kuna jambo umelitaja harakaharaka ambalo mimi limenivuta: kwanza alisema subiri mwisho wa mwezi, kasoro zikaja baadaye. Mara nyingi mpangilio huo unaonyesha kwamba pesa imemwishia, na mtu aliyeishiwa huona aibu kusema, hivyo hutafuta kosa. Ujumbe wa "subiri mwisho wa mwezi", kama upo kwenye simu, utunze vizuri, kwa sababu mtu haombi muda wa kulipa deni ambalo halitambui. Lakini usilewe na hoja hiyo. Lalamiko kuletwa kwa kuchelewa hakulifanyi kuwa la uongo. Vigae vinaweza kuwa vinalia kweli.

Kwa hiyo nenda ukavisikilize. Omba siku, nenda na mtu mmoja asiye wa timu yako, beba chaki na bisibisi. Gonga kila kigae kwa mpini wa bisibisi, katikati na kwenye pembe zote nne, na kila kinacholia tupu kichoree alama mbele ya mwenye nyumba, kisha piga picha ukuta mzima. Pembe moja kulia si sawa na kigae kizima kulia. Wewe mwenyewe unajua kama vijana waliweka gundi kwa madonge, manne pembeni na moja katikati, au waliitandaza kwa mwiko wa meno. Viwango vya ufundi vya Marekani vinataka gundi ishike walau asilimia 80 ya mgongo wa kigae mahali pakavu, na asilimia 95 mahali penye maji kama bafuni. Madonge hayafiki hapo. Kama ndivyo ilivyofanyika ndani ya eneo la kuogea, usibishane, hilo ni lako, na ukilikubali mapema maneno yako mengine yote yanapata uzito.

Rangi ni kesi nyingine. Lipu mpya ya saruji huhitaji takriban wiki nne kukauka kabla ya kupakwa rangi ya kufunika. Nani aliharakisha? Kama mteja ndiye aliyetaka kuhamia, ukamwonya na onyo lipo kwa maandishi, kasoro ni ya kugawana au ni yake kabisa. Kama hukumwonya, wewe ndiye mwenye ujuzi na ulitakiwa kusema. Angalia pia pale palipobabuka pako wapi: chini karibu na sakafu, au kwenye ukuta unaopakana na bafu? Unyevu unaotoka nyuma ya ukuta haukusababishwa na rangi, ila mwenye nyumba hawezi kujua hilo mpaka umwonyeshe. Mlango wa kabati usiujadili kabisa. Kaza bawaba siku hiyohiyo ya ukaguzi, umalizike.

Kisheria je, kasoro zinafuta deni? Hapa kuna kesi mbili za Uingereza ambazo napenda kuwasimulia mafundi, kwa sababu ni kazi zetu hizihizi, na nchi zinazofuata mkondo wa sheria wa Uingereza huziangalia. Ya kwanza ni Hoenig dhidi ya Isaacs, ya mwaka 1952. Fundi alikubali kupamba na kuweka samani katika nyumba ya ghorofani kwa pauni 750. Alilipwa 400. Mwenye nyumba akahamia, akatumia samani, akagoma kulipa 350 zilizobaki: mlango wa kabati la nguo ulihitaji kubadilishwa, na rafu ya vitabu ilikuwa fupi. Kurekebisha kungegharimu pauni 55 na ushei. Mahakama ilisema kazi kwa sehemu kubwa imetimizwa, hivyo fundi alipwe salio lake, ukatwe gharama ya kurekebisha tu.

Ya pili, Bolton dhidi ya Mahadeva ya mwaka 1972, ina uso mwingine. Fundi alifunga mfumo wa kupasha joto nyumba kwa pauni 560. Nyumba ikawa haipati joto la kutosha na moshi ukawa unaingia vyumbani. Kurekebisha kungegharimu pauni 174. Hakupata kitu, maana kilichonunuliwa ni nyumba yenye joto, na joto halikupatikana. Tofauti haiko kwenye idadi ya kasoro. Swali ni kama kile mteja alichokitaka amekipata au hakukipata. Bafu linalovuja mpaka chumba cha pili ni Bolton. Vigae vinane na mlango ni Hoenig. Ndiyo maana nakwambia ukiwa kule ziba tundu la maji la eneo la kuogea, jaza maji kidogo, weka alama ya kimo, mrudi kesho yake kuangalia. Kama maji hayajashuka na ukuta wa nyuma haujalowa, umeshajua uko kwenye kesi ipi.

Fungu la tatu ndilo lililokuponza: "Endelea tu fundi, tutaelewana." Mali bila daftari huisha bila habari. Hata hivyo hujapoteza. Makubaliano ya mdomo yana nguvu katika nchi nyingi, tabu iko kwenye kuyathibitisha, na wewe una sauti yake. Usiifute, usibadilishe simu bila kuihamisha salama, na uiandike neno kwa neno kwenye karatasi pamoja na tarehe na saa. Kisha tafuta picha za mabomba yenye kutu ulizopiga siku mlipofungua ukuta. Kama hukupiga, uliza vijana. Kwenye timu hakosekani mmoja aliyepiga. Risiti za mabomba mapya zenye tarehe ya siku zile zinamalizia hadithi.

Bei haikutajwa, ni kweli. Kazi iliyoombwa bila bei kutajwa kwa kawaida hulipwa kwa thamani yake ya haki. Usiibuni. Chukua viwango vilevile vya makadirio mliyosaini: kama ndani yake siku ya fundi bomba ilihesabiwa kiasi fulani, itumie hiyohiyo kwenye ziada. Ukipandisha, hata kidogo, ndiyo itakayosomwa kwanza. Mabomba na sinki ni vitu viwili tofauti: mabomba yalikuwa ya lazima na yalifichika, sinki alilitaka mwenyewe. Vidai vyote viwili, ila kila kimoja kwa mstari wake. Na kama kuna vitu vidogovidogo mlivyofanya kwa moyo tu bila kumwambia, kama kuhamisha soketi au kupaka rangi dari ya ukumbini, viache nje. Huwezi kumtoza mtu zawadi baada ya kugombana naye.

Ukishapata mafungu matatu, andika barua. Kupiga simu imetosha. Kila simu asiyopokea inakuongezea hasira na haikuongezei ushahidi. Barua iwe fupi, isiwe na tusi wala kitisho, na ipelekwe kwa njia inayoacha alama kwamba imefika: kwa mkono na kusainiwa, kwa rejesta ya posta, au kwa ujumbe na barua pepe kwa pamoja. Ingekuwa yangu, ingesomeka hivi:

"Mama, salamu. Kazi ya ukarabati tuliyokubaliana kwa makadirio ya tarehe fulani ilikamilika tarehe fulani, na unaishi ndani ya nyumba tangu tarehe fulani. Bei ilikuwa kiasi hiki, umelipa hiki, kimebaki hiki. Kazi za ziada ni kubadilisha mabomba ya bafu, kwa ridhaa yako ya tarehe fulani, na kuhamisha sinki kwa ombi lako; hesabu yake nimeambatanisha. Umenieleza kasoro tatu: vigae, rangi, na mlango wa kabati. Naomba tuzikague pamoja siku hii au ile. Zilizo zangu nitazirekebisha bila malipo. Sehemu ya salio isiyohusiana na kasoro hizo ni kiasi hiki, naomba uilipe ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Kama kuna kasoro nyingine au kiasi unachokipinga, naomba uniandikie ni kipi na kwa sababu gani."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa. Akijibu, ugomvi umewekewa mipaka na hawezi kila wiki kuleta kasoro mpya. Asipojibu, umempa nafasi akaikataa, na msuluhishi au hakimu yeyote ataliona hilo. Usiandike kwamba utamripoti polisi. Deni la kazi ni madai ya kawaida, na kumtisha mtu kwa jinai ili alipe kunaweza kukugeukia.

Akikubali ukaguzi, mpango unaofaa ni huu: analipa fungu lisilobishaniwa, wewe unarekebisha ndani ya siku mlizopanga, mnakagua, anamalizia. Usirekebishe kila kitu kwanza ukitegemea huruma, na usigome kurekebisha mpaka ulipwe senti ya mwisho. Akikataa usiingie na akaleta fundi mwingine, usipigane mlangoni. Andika tu kwamba ulikuwa tayari kurekebisha kwa gharama yako siku fulani na ukakataliwa. Mteja aliyemnyima fundi nafasi ya kusahihisha kazi yake huwa na shida baadaye kumtoza bei kamili ya fundi wa pili.

Inawezekana pia atakuja na pesa pungufu na karatasi: "Chukua hii yaishe." Soma kabla ya kusaini. Ukisaini kwamba umepokea malipo kamili na ya mwisho, kilichobaki umekisamehe. Kama unakubali kupunguza ili mambo yaishe, ni sawa, na mimi binafsi ningepunguza kidogo kuliko kuzunguka mahakamani mwaka mzima. Lakini upunguze kwa kujua. Kama tatizo lake ni ukata, awamu ni bora kuliko punguzo: akiri deni kwa maandishi, atie tarehe za kulipa, na iandikwe kwamba akiruka awamu moja, lote lililobaki linadaiwa papo hapo. Karatasi hiyo ina faida nyingine. Sheria huweka ukomo wa miaka ya kudai deni, na katika nchi nyingi kukiri kwa maandishi huanzisha hesabu ya miaka hiyo upya.

Siku 14 zikipita kimya, tafuta mpatanishi mnayemheshimu wote wawili. Ikishindikana, nenda kwenye mahakama ya madai madogo au inayofanana nayo kwenu. Nyingi huendeshwa bila wakili na ada zake ni za chini, na jalada lako litakuwa limeshajitengeneza: makadirio, barua, picha zenye alama za chaki, sauti, risiti. Kabla ya kufungua kesi hakikisha leseni yako iko sawa kama kazi yako inaihitaji. California, kwa mfano, fundi anayetakiwa kuwa na leseni na hana hawezi kudai malipo mahakamani, tena anaweza kuamriwa kurudisha alichokwisha kulipwa. Usinakili ushauri wa mtandaoni wa nchi nyingine bila kuuliza: Marekani fundi anaweza kuandikisha dai lake juu ya nyumba yenyewe, haki iliyotungiwa sheria kwanza Maryland mwaka 1791, lakini nchi nyingi hazina kitu hicho. Na ujue hukumu siyo fedha. Kama mama huyu hana kipato wala mali unayoijua, awamu zake kidogokidogo zinaweza kukuletea zaidi ya hukumu.

Vibarua wako nao wasisubiri haya yote. Walifanya kazi kwako, hawakufanya kwa yule mama, na mgogoro wako na mteja haufuti ujira wao. Walipe hata kwa kugawa, na uwaeleze tarehe. Duka la vifaa liandikie wiki hii, kabla wao hawajakuandikia, upendekeze kiasi cha kuanzia. Mwenye duka anayekuamini ndiye atakayekupa risiti zilizopotea za yale mabomba ya bafuni, na utazihitaji.